Alikuja na Barua Iliyokwisha Kuandikwa

Aliingia ofisini na bahasha ya plastiki mkononi, akasimama hadi nilipomkaribisha kiti, kisha akatoa karatasi moja iliyochapwa vizuri na kuiweka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Mwalimu, nimekurahisishia kazi," alisema. "Imebaki sahihi tu."

Ilikuwa barua ya mapendekezo yenye jina langu chini yake. Kwa mujibu wa karatasi ile nilikuwa nimemfahamu mwanafunzi huyu kwa muda mrefu, nilikuwa nimevutiwa na bidii yake, unyenyekevu wake na moyo wake wa kushirikiana na wenzake, na nilikuwa nikimpendekeza bila kusita kwa masomo ya uzamili. Lugha yake ilikuwa safi kuliko ya barua nyingi ninazoziandika mwenyewe. Hapakuwa na uongo ndani yake. Hapakuwa pia na jambo hata moja ambalo ni mimi niliyeliona.

Sikusaini.

Nilipomuuliza kwa nini ameiandika mwenyewe, alinitazama kwa mshangao wa kweli. Mhadhiri mwingine aliyemwendea kabla yangu ndiye aliyemwagiza afanye hivyo, naye akadhani kwamba huo ndio utaratibu. Jibu hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa kuliko karatasi yenyewe. Tunawafundisha wanafunzi kunukuu, kupanga majedwali na kutetea hoja mbele ya watu, lakini namna ya kuomba barua inayoweza kuamua miaka yao inayofuata tunawaachia waiokoteze kwa wenzao koridoni, siku chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Anayeombwa ni shahidi

Wanafunzi wengi huichukulia barua hii kama cheti kingine cha kuambatisha, na kwa sababu hiyo hutafuta sahihi nzito: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, au profesa ambaye jina lake wamelisikia likitajwa kwa heshima. Kamati ya udahili tayari inayo matokeo yako, inayo insha yako, na inaweza kuhesabu alama bila msaada wa mtu yeyote. Inachokikosa ni maelezo ya mtu aliyekuwapo ulipokuwa ukifanya kazi: ulifanyaje jaribio lilipogoma, uliuliza maswali gani, uliichukuaje rasimu iliyorudi ikiwa imejaa wino mwekundu.

Mwezi Februari 1948 Richard Duffin, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Carnegie nchini Marekani, aliandika barua fupi mno kwenda Chuo Kikuu cha Princeton kumpendekeza kijana aitwaye John Nash. Alieleza kwamba kijana huyo ana umri wa miaka 19, kwamba anahitimu mwezi Juni, na kwamba ni gwiji wa hisabati. Barua ikaishia hapo. Nash alipokelewa, na mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama uthibitisho kwamba maneno machache yanatosha, nami sikatai. Ila ninachokiona zaidi ni kwamba Duffin alikuwa amemfundisha kijana yule na kuiona hisabati yake kwa macho yake. Maneno yale yale yangeandikwa na mkuu wa chuo ambaye hajawahi kumwona Nash ubaoni, yangekuwa tangazo tu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla hujabisha mlango wowote ni hili: nani ameiona kazi yangu? Katika madarasa ya mamia ya wanafunzi jibu la kweli mara nyingi si profesa. Ni mhadhiri msaidizi aliyesimamia semina na kusahihisha kazi zako, yule ambaye wanafunzi humkwepa kwa kudhani kwamba cheo chake kidogo kitaipunguzia barua uzito. Mwendee. Ikiwa fomu inadai mtu mwenye shahada ya uzamivu, mwombe msaidizi huyo ampe profesa maelezo ya yale aliyoyaona, na barua itoke kwa sahihi za wote wawili. Ni jambo linalofanyika, na kwa wasomaji wa barua hizi lina heshima zaidi kuliko kurasa mbili za sifa kutoka kwa mtu anayekufahamu kwa namba ya usajili.

Fikiria pia barua zako kama kundi. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza huhitaji watu wawili wa kukupendekeza, na ule wa Fulbright wa Marekani kwa wanafunzi wa kigeni huomba barua tatu. Zote tatu zikisema kwamba ulipata alama nzuri, mbili kati yake zimepotea bure.

Swali linaloruhusu jibu la hapana

Hapa ndipo penye ugumu, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kubishana na nafsi yangu.

Maombi mengi huja yakiwa yamefunga milango yote: "Naomba uniandikie barua, mwisho ni Ijumaa." Mwalimu aliyebanwa namna hiyo ataandika, kwa sababu kukataa ni kazi kubwa kuliko kuandika aya mbili za baridi. Aya mbili za baridi ndizo zinazoumiza. Barua inayosema kwamba mwanafunzi alihudhuria vipindi, aliwasilisha kazi kwa wakati na hakuwa na matatizo ya kinidhamu haina neno baya hata moja, lakini msomaji mzoefu huisoma kama kimya. Anajua kwamba mwandishi angekuwa na la kusema, angelisema.

Njia ya kujikinga ni kuuliza kwa namna inayomwachia mwalimu nafasi ya kujitoa bila kuona haya. Kwa mfano: "Mwalimu, ninaomba nafasi ya uzamili na ningependa kujua kama unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuweza kuniandikia barua yenye nguvu. Ikiwa huna nafasi, au unaona yupo mwingine anayeweza kunieleza vizuri zaidi, nitashukuru pia kuambiwa." Maneno haya hayampotezei heshima mtu yeyote. Mwalimu anayekukumbuka atafurahi kwamba umeuliza kwa uangalifu, na asiyekukumbuka amepewa njia ya kutokea.

Nilichokuwa nikijiuliza ni kama tunamtwisha kijana mzigo usio wake. Kumwambia mtu aliye juu yako kwamba ana ruhusa ya kukukatalia kunahitaji utulivu ambao si kila mwanafunzi anao, na hasa hawana wale ambao ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu. Wao huja wakiomba radhi kabla hawajasema shida yao. Mwenzao ambaye shangazi yake ni mhadhiri mahali fulani huja akiwa ameshafundishwa la kusema. Niliwaza kwamba labda ni sisi tunaopaswa kuuliza, si wao.

Bado nadhani sisi tunapaswa kuuliza. Lakini mwanafunzi hawezi kusubiri tubadilike, na dirisha la maombi halimngoji mtu, kwa hiyo bora alijue swali hili na alitumie.

Halafu ajifunze kuyasikia majibu. Walimu ni wazito wa kusema hapana waziwazi. "Nina mambo mengi kipindi hiki," "sijui kama mimi ndiye mtu sahihi," "umejaribu kumwona fulani?" na "nikumbushe baadaye" isiyofuatwa na swali lolote kuhusu tarehe ni hapana zilizovaa koti. Anayekubali kwa dhati huuliza mara moja: ni ya chuo gani, mwisho lini, nitumie wasifu wako. Ukisikia yale ya kwanza, shukuru, usibembeleze, nenda kwa mwingine.

Alichokiacha nje

Nirudi kwa yule msichana aliyeniletea barua, kwa sababu bado sijasema kilichokuwa kikinisumbua zaidi kwenye karatasi yake.

Muhula mmoja kabla, baada ya alama za mradi wake kutolewa, alikuja kuniambia kwamba jedwali la tatu la ripoti yake lilikuwa na kosa. Alikuwa ameingiza safu moja ya vipimo mara mbili, na kwa sababu hiyo wastani ulipanda na hitimisho lake likaonekana lina nguvu kuliko ilivyostahili. Mimi sikuwa nimeliona kosa hilo, wala msahihishaji wa pili hakuliona. Alileta jedwali jipya alilolihesabu upya kwa mkono pembeni mwa karatasi, pamoja na aya moja fupi iliyodhoofisha hitimisho lake mwenyewe, akauliza kama alama zake zitapunguzwa.

Nimesoma maombi mengi ya watu wanaojiita waadilifu. Sijawahi kusoma ushahidi bora wa uadilifu wa mtafiti kuliko jedwali lile.

Hakulitaja kabisa katika barua aliyojiandikia. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba hakutaka kunikumbusha kosa lake. Alichokiona kuwa doa ndicho hasa ambacho mimi, na mimi peke yangu, ningeweza kukiandika. Na badala yake alikuwa amejaza ukurasa kwa "mnyenyekevu," "mtiifu" na "mwenye bidii," maneno ambayo yangeweza kubandikwa kwa mwanafunzi yeyote darasani.

Maneno hayo yana historia yake. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kwa ajili ya walioajiriwa kuwa walimu katika chuo kikubwa cha tiba nchini Marekani, na wakaona kwamba barua za wanawake zilielekea kuwa fupi zaidi na kubeba kauli nyingi zaidi za kutia shaka. Mwaka 2016 Kuheli Dutt na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wa barua 1,224 kutoka nchi 54, na wakakuta kwamba wanawake walikuwa na uwezekano wa takriban nusu tu ya wanaume wa kupewa barua bora kabisa. Nilikuwa nikizifikiria tafiti hizi kama onyo kwetu sisi waandishi. Sikuwa nimefikiria kwamba msichana akipewa kalamu ajiandikie mwenyewe, anaweza kujipunja kwa maneno yale yale.

Nipe kumbukumbu, sifa nitazitafuta mwenyewe

Kwa hiyo badala ya barua kamili, ninachomwomba sasa kila mwanafunzi ni nusu ukurasa wa mambo yaliyotokea. Ulisoma somo gani nami na mwaka gani. Mada ya kazi yako kubwa ilikuwa ipi, na ulikwama wapi. Ni swali gani uliuliza lililobadili mjadala, kama unalikumbuka. Ni jambo gani ulilifanya vibaya mwanzoni ukalirekebisha. Mwalimu anayefundisha watu wengi hasahau kwa sababu hakujali; anasahau kwa sababu nyuso zinapishana, na sentensi moja kama "mimi ndiye niliyeleta jedwali jipya baada ya alama kutoka" hurudisha muhula mzima.

Ambatisha kazi moja uliyomwandikia, ikiwezekana ile yenye masahihisho yake, kwa maana kumsomesha mtu maneno yake mwenyewe humrahisishia kuendelea pale alipoishia. Ambatisha wasifu, nakala ya matokeo, insha yako ya maombi hata kama bado ni rasimu, na maelezo mafupi ya programu unayoiomba na kwa nini unaiomba hiyo. Barua inayokupeleka kwenye maabara si barua inayokupeleka kwenye shule ya sera za umma, hata kama mtu ni yule yule.

Fomu nyingi za kielektroniki humtaka mwandishi akuweke kwenye daraja kati ya wote aliowahi kuwafundisha: asilimia tano za juu, kumi za juu, ishirini na tano za juu. Huwezi kumjazia mwalimu visanduku hivyo, lakini unaweza kumpa cha kusimamia anapovijaza.

Na alama mbaya? Zitaje. Ikiwa muhula mmoja uliporomoka kwa sababu ya ugonjwa au msiba, mwalimu anaweza kulieleza hilo kwa uzito ambao wewe huwezi kuwa nao ukijieleza mwenyewe, lakini ni lazima umwambie wazi nini anaruhusiwa kusema na nini kibaki kati yenu. Nchini Uingereza mfumo wa UCAS, unaoshughulikia maombi ya shahada ya kwanza, uliigawa taarifa ya mwalimu katika sehemu tatu kuanzia kwa walioomba kuingia chuoni mwaka 2024, na mojawapo ya sehemu hizo ni ya mazingira yaliyoathiri masomo ya mwombaji. Nafasi ya kulisema ipo. Ruhusa ni yako.

"Iandike, nitasaini"

Je, mwanafunzi afanye nini akiambiwa na mwalimu maneno haya? Nimewauliza wenzangu, na majibu yao hayakulingana. Wapo wanaoona kwamba ni udanganyifu mtupu. Wapo wanaosema kwamba rasimu ya mwanafunzi ni malighafi tu, wao huibomoa na kuijenga upya. Wapo pia waliochoka, wenye maombi mengi kuliko saa za jioni, ambao husaini na kuendelea na kazi nyingine, nami sina moyo wa kuwahukumu kwa ukali kila siku.

Lakini kuna jambo moja linalonizuia kukubaliana nao. Barua hizi huaminiwa kwa sababu zimefungwa. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi kama FERPA iliwapa wanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zao za masomo, na papo hapo ikawaruhusu kuachilia kwa hiari haki ya kusoma barua za mapendekezo. Ndiyo maana kwenye maombi mengi ya huko utakuta kisanduku kinachouliza kama unaiachilia haki hiyo, na washauri wengi humwambia mwombaji aiachilie, kwa kuwa kamati huiamini zaidi barua ambayo anayesifiwa hakuisoma. Mwanafunzi anayeweka alama kwenye kisanduku hicho baada ya kuiandika barua yenyewe amesaini kauli isiyo ya kweli, na aliyemtuma kufanya hivyo hatakuwapo siku atakapoulizwa.

Programu za akili unde zimeifanya hali kuwa ya ajabu zaidi. Barua ninazozisoma nikiwa upande wa pili wa meza, katika kamati, zinaanza kufanana kama mapacha: mwombaji wa kipekee, mwenye shauku isiyo na kikomo, atakayekuwa hazina kwa taasisi yoyote. Hakuna jedwali la tatu ndani yake.

Ushauri wangu, basi, ni kujibu kwa upole: "Nashukuru, Mwalimu. Nimekuandalia kwa vipengele mambo yote unayoweza kuyahitaji, pamoja na kazi niliyokuandikia, ili maneno yawe yako." Wengi wataridhika, kwa sababu walichokuwa wakikikimbia ni kuanza na ukurasa mtupu. Akisisitiza kabisa kwamba uandike wewe, huyo amekwisha kukupa jibu la lile swali la kwanza: nani ameiona kazi yangu?

Tarehe na viungo

Haya ni mepesi, niyapitie haraka. Omba wiki nne kabla, au zaidi ikiwa ni msimu ambao kila mtu anaomba. Usiandike jina la mwalimu kwenye fomu kabla hajakubali, kwa maana mifumo mingi humtumia kiungo papo hapo, na kupata barua pepe ya mashine kabla ya kusikia kutoka kwa mwanafunzi kunaudhi. Tumia anwani yake ya chuo, kwa kuwa taasisi nyingi hazipokei anwani binafsi. Mwambie aangalie pia kwenye barua taka. Ikiwa unaomba vyuo vitano, mpangie tarehe zote kwenye jedwali moja, ukitaja saa za eneo gani, badala ya kumtumia ujumbe mmoja mmoja. Mkumbushe mara moja wiki moja kabla ya mwisho, kwa sentensi mbili, bila kuomba radhi kwa aya nzima.

Ukipata majibu, mwambie. Mwambie hata ukikosa. Walimu huandika barua hizi kisha hubaki gizani, na atakayekuandikia ya mwaka ujao ataiandika vizuri zaidi akijua ya kwanza iliishia wapi.

Waliokwisha kuhitimu

Barua pepe zinazokuja baada ya makala za namna hii hutoka kwa watu waliomaliza chuo miaka mingi iliyopita, ambao mwalimu wao amestaafu, amehama, au amefariki, na ambao sasa wanahisi wamechelewa. Kwa aliyestaafu, mwandikie tu; wengi hubaki na anwani zao na hufurahi kukumbukwa, ila hakikisha kwamba fomu inamruhusu aeleze cheo chake cha zamani. Kwa aliyehama, anaweza kuandika kwenye karatasi ya chuo chake kipya na kutaja alikokufundisha. Ikiwa hayupo tena duniani, msimamizi wa kazini anayeweza kueleza namna unavyofikiri hukubaliwa na programu nyingi, hasa baada ya miaka kadhaa ya kazi, na kama maelekezo hayako wazi, ofisi ya udahili hujibu maswali ya aina hiyo ukiwaandikia mapema.

Kwa aliyebakiwa na muhula mmoja, nenda kaombe sasa, hata kama hujui utaomba chuo gani. Mwalimu anaweza kuandika rasimu leo, jedwali lako likiwa bado mbele ya macho yake, akaihifadhi na kuirekebisha siku utakapoihitaji.